Siku nguo ziliporuka Qurum

Kuna siku moja tu nimemshinda wifi yangu Zuwena, na leo asubuhi nimepita palepale ilipotokea.

Ilikuwa mwaka 1968, baridi ndiyo kwanza inaondoka.
Mimi nna miaka minne tu tangu nitoke Unguja kuja huku nchi ya Waarabu. Kiarabu changu kilichekesha nyumba nzima, na Zuwena ndiye aliyecheka zaidi.

Tulikuwa tunatembea kando ya khori ya Qurum, pale maji ya bahari yanapoingia nchi kavu. Mbali kwenye maji nikaona rangi ya waridi.

"Wale ndege," nikamwambia.

"Ndege gani wa waridi? Zile nguo, watu wamefua. We mgeni, huijui nchi hii."

Basi nikavua viatu, nikaingia topeni. (Wallahi, mpaka magotini.)
Nikapiga makofi.

Nguo zote zikaruka.

Walikuwa mamia, mabawa mekundu yenye ncha nyeusi, wakatupita juu ya vichwa.

Zuwena alikaa chini. Kisha akauliza polepole, "Kwenu mnawaitaje?"

"Heroe."

Tulipofika nyumbani, alimwambia mama mkwe wangu mbele ya watu wote, "Kesho twende sote khorini. Huyu ndiye atakayetuongoza."

Na kweli niliwaongoza.

Nyinyi heroe mliwaona wapi mara ya kwanza?