Jenerali wa Mofu

Mzee Raimundi Likwama ameendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga ya Mofu miaka thelathini. Vita vya Ukraine vilipoanza, vijana kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chao walibishana kwa nini vifaru vya Urusi vimesimama foleni kwenye barabara iendayo mji mkuu.

"Ni mtego," waliandika.

Raimundi akatuma ujumbe wa sauti: "Wanangu, pembeni ya barabara pale ni tope. Mimi kabla ya kuingiza trekta shambani huvua kiatu na kukanyaga. Mguu ukizama hadi kifundoni, narudi nyumbani."

Wakamcheka. "Babu, hivyo ni vifaru, siyo hilo trekta lako!"

Baada ya siku chache zikaja picha za vifaru vilivyonasa matopeni. Ghafla akaitwa Jenerali, na sauti yake ikasambazwa hadi Mahenge.

Levina, msimamizi wa kundi, akampigia. "Shikamoo Jenerali. Watu wanauliza, mji mkuu ule utaanguka lini?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu."

"Kisia tu! Usipojibu watahamia kwa mwingine."

"Wahame. Mle mjini kuna watu na watoto wao. Siwezi kukisia maisha yao."

Wengi walihama kweli. Levina alibaki; alisema hajawahi kumsikia mtu mwingine katika kundi lile akikiri kwamba hajui.