Kitanda Kilichozunguka Marambo

Mzee yule alitoka Nkowe akiwa kijana, akaja kuoa kwetu Marambo, akakaa ukweni kama ilivyo desturi ya huku. Mkewe alipofariki na arobaini ikapita, dada za marehemu wakaitaka nyumba. Nisiwaonee: nyumba ni ya ukoo wao kweli, na mjukuu wao alikuwa anakaribia kuolewa, mumewe naye angehamia huku. Mzee akatoka na kitanda chake cha kamba, akahamia barazani kwenye ghala la korosho. Msimu ulikuwa bado. Lakini magunia yangekuja, na yeye angeenda wapi?

Kikao kikaitwa. Dada mkubwa wa marehemu akasema arudi Nkowe kwa wapwa zake, wao ndio wenye mjomba. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali akasema kuna makao ya wazee ya serikali, chakula kipo, muuguzi yupo. Watu wakaguna kama wametukanwa. Mimi sikuguna, maana ni yeye peke yake aliyeuliza kama mzee ana dawa anazotumia. Mwenyekiti wa kitongoji akataka tuchange miti na nyasi tumjengee. Makofi yakapigwa, halafu kila mtu akaanza kumtazama mwenzake.

Nikaulizwa na mimi. Niliishia darasa la saba, kusimama mbele za watu kunanitoa jasho. Nikasema naona wote wana haki, nikakaa. Nilidhani nimesema la maana. Pengine niliogopa tu, hadi leo sijui.

Sasa mzee ana mtani wake, mama mmoja wa kicheko kikubwa. Kabila lake na la mzee yanataniana tangu enzi za mababu. Mtani huku hakasirikiwi, hata akikuvua kofia msibani. Asubuhi iliyofuata kitanda kikaonekana uani kwa dada mkubwa, mzee yuko juu yake. Kesho yake kikawa kwa mwalimu. Kwao utani wa namna hii haupo, kwa hiyo alidhani anahamiwa kweli, akaanza kutoa baiskeli sebuleni ampishe mzee. Tulimcheka sana. Ila niseme ukweli, hakuna mwingine aliyetoa hata kigoda. Mwenyekiti alipofikiwa alisema mkewe anaumwa, naye mkewe yuko nyuma yake anatwanga.

Halafu nikasikia pikipiki uani kwangu. Bodaboda amefunga kitanda nyuma, mtani anakishikilia huku anakimbia, mzee anafuata taratibu na fimbo.

"Kwangu mnakileta kwa kosa gani?" nikauliza. "Mimi sikumpinga mtu!"

"Ndiyo kosa lenyewe, mama," mtani akasema. "Wenzako walisema moja moja, wewe umeyabeba yote. Haya, tandika!"

Nikampa mzee uji. Alipomaliza nikamuuliza, kwa aibu maana lilipaswa kuwa swali la kwanza na tumelichelewesha: mwenyewe anataka nini?

"Nataka mlango," akasema. "Miaka yote nimekaa ukweni. Shemeji akiingia, karibu. Mkwe akiingia, karibu. Nataka mlango wangu, nikichoka na nyinyi niufunge."

"Hata mimi mtani wako?"

"Wewe wa kwanza."

Dada mkubwa ndiye aliyetoa kipande cha ardhi pembeni mwa mikorosho yake, sijui kwa huruma au kwa kuchoka na kitanda. Mwalimu akanunua mlango na komeo. Mwenyekiti alileta miti, michache kuliko alivyoahidi, lakini alileta. Mtani akabeba maji ya udongo huku akiutukana kila ukuta. Wangu, niliokandika mwenyewe, ulipinda kidogo, alikuwa na haki.

Siku mzee alipohamia, tulikwenda mimi na mtani na sufuria ya wali na kuku. Mtani akagonga.

"Nani?"

"Mtani wako!"

"Nimelala."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Tukasikia komeo linasukumwa lizidi kuingia. Basi tukakaa chini, tukaegemea ukuta wangu, tukaula wali wote.