Sauti za Kichekesho cha Kihispania

Juzi, mtaa wa Al Khuwair, kwenye ofisi yetu inayoleta wafanyakazi wa majumbani, bwana mmoja alikuja kumrudisha dada wa Uganda.

"Kutwa yuko na mama kwenye runinga, kichekesho cha zamani cha Kihispania. Kihispania chenyewe hakijui!"

Nilishapandwa na hasira, nataka kumjibu. Mamake, aliyekuja naye, akanitangulia, akagonga kaunta kwa bakora.

"Nani kakwambia nataka Kihispania? Huyu huwasemea waigizaji wote, kila mmoja na sauti yake. Yule jirani mgomvi kampa sauti yangu mimi! Toka afe babako, nani mwengine kanchekesha?"

"Samahani, madamu," dada akanong'ona.

"Samahani ya nini? Twende, tuimalize sehemu ya jana."

Bwana akaikunja fomu ya kumrudisha, akaitia mfukoni.

Nimesoma mikataba mingi ya kazi za ndani. Kufua kumo, kupika kumo. Kuchekesha kuongezwe, tena juu kabisa.