Mama Pua na Mstari Ulionyooka

Pale kwenye kituo cha kusafisha majitaka walimwita Mama Pua, naye hakukanusha. Miaka kumi na tisa aliinama ukingoni mwa bwawa, akavuta pumzi, akatamka, "Amonia imepanda, ongezeni hewa!" Wenzake wakakimbilia mashine, vijidudu vikapata hewa vikaitafuna hiyo amonia, sumu itokanayo na mkojo, na mto ukasalimika.

Kumbe pua yenyewe ilikufa zamani. Mafua yalikuja, yakaondoka nayo. Miaka saba sasa kitunguu kikiungua jikoni, ni mumewe anayepiga kelele, "We mwanamke, mboga!" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakusema mfichua pua hufukuzwa kazi. Akanyamaza.

Basi meneja akaleta kihisio, kijiti kinachozamishwa majini kupima amonia dakika kwa dakika. Kinachora mstari kwenye skrini ofisini, tena kinaamrisha mashine za hewa chenyewe.

"Mama, wiki hii kikifanya vizuri, wewe ukapumzike nyumbani," alisema meneja, viatu vyake havijawahi kuonja tope.

Ukapumzike! Nani aliwahi kulipwa kwa kupumzika? Usiku huo Mama Pua hakula.

Siku tatu mstari ulilala chini kabisa, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Meneja akamwita ofisini kumwonyesha. "Amonia hakuna, Mama! Utanusa nini tena?"

Mama Pua akautazama. Saa moja asubuhi, umenyooka. Saa tatu, umenyooka. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mji mzima umefunga choo tangu Jumatatu?"

Akaenda bwawani, akavaa glavu, akakichomoa kijiti majini. Loo! Kilikuwa kimejivika ute mnene kama kamasi. Akakifuta, akakirudisha. Kule ofisini mstari ukaruka juu, na mashine za hewa zilizokuwa zimezubaa siku tatu zikaanza kunguruma.

Meneja akaja mbio kutoka ofisini. "Hiyo pua, Mama, ni ya namna gani?"

Mama Pua alikuwa amechoka kuogopa. "Haipo. Imekufa miaka saba. Watu wakiamka wanaenda chooni, na mzigo wao unanifikia hapa saa tatu. Naangalia saa, naangalia povu. Basi."

"Sasa kunusa kote kule kulikuwa kwa nini?"

"Ningesema nimefikiri, nani angenisikiliza?"

 Kesho yake meneja alikuja amevaa gambuti, akamwomba Mama amfundishe kufuta kijiti.