Nilivyoahidi Mwezi Utapatwa

Dunia yangu ilikuwa tikiti maji kutoka mashamba ya kando ya Tana, mwezi ulikuwa ndimu, na jua lilikuwa tochi ya askari wa geti, aliyeniazima huku akinionya nisimalize betri. Nilikuwa nafundisha sayansi Gredi ya Sita katika shule moja mjini Garissa, na mada ya wiki ilikuwa mwezi: unavyozaliwa, unavyokua, unavyoizunguka dunia na unavyopatwa. Tulifunga madirisha, tukaning'iniza leso mlangoni, joto likatosha kuoka mkate, nami nikaanza kuzungusha ndimu.

Watoto wa kwetu mwezi wanaujua kabla yako. Mmoja aliniambia usiku wa mbalamwezi fisi huwa na adabu, shida ni zile siku za giza. Mwingine, aliyehamia kutoka Diff, kule mpakani, alitaka nimweleze kwa nini Idi iliyopita kule kwao waliuona mwezi, na Garissa watu wakaendelea kufunga.

"Mwalimu, mwezi iko ngapi?"

Nikamwambia ni mmoja tu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayejua kwamba mwalimu wake hajapewa habari zote.

Nilipoiingiza ndimu kwenye kivuli cha tikiti, darasa lililipuka: "Umebatwa! Umebatwa!" Kwetu P hutamkwa B. Nilifurahi hadi nikapitiliza. Nikawaambia kwamba Jumapili inayokuja, baada ya Isha, mwezi wenyewe wa juu utapatwa, si wote, kipande, na kila mtu atoke nje autazame. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu. Kengele ikalia, na Gredi ya Sita wakaila dunia yote, zikabaki mbegu sakafuni.

Habari zilifika kwa mwenyekiti wa bodi ya shule kabla mimi sijafika kwangu, kwa sababu msichana aliyelishika tikiti darasani alikuwa mjukuu wake. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa ngamia, mzee mwenye ndevu za hina na sauti ya kuita mifugo iliyo ng'ambo ya mto. Kesho yake akawa ofisini kwa mwalimu mkuu, nami nikaitwa. Tungekuwa wawili tungeongea Kisomali, lakini mwalimu mkuu ni mtu wa Kitui, basi kwa heshima yake mzee alitumia Kiswahili. Kiswahili changu mimi kilinyooshwa shuleni kwa kiboko. Chake kilijilea chenyewe sokoni na hakimwogopi mtu.

"Mwalimu, hii mjukuu yangu nasema Jumabili mwezi itabatwa. Nani nabatia yeye habari ya ghaibu? Ghaibu ni ya Mungu beke yake."

"Si ghaibu, mzee, ni hesabu. Hata saa za swala kwenye kalenda ya msikiti ni hesabu."

"Swala mimi najua. Hii ingine, mimi lazima naona na macho yangu." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Kama Jumabili macho yangu hakuona kitu, wallahi, huyu narudi nasari. Huko hata akisema mwezi ni ndimu, hakuna mtu nauliza."

Mwalimu mkuu aliitikia kwa kichwa upesi kuliko nilivyopenda. Mimi ni mwalimu wa bodi, si wa serikali, na bodi ni huyo mzee. Nasari nilishakaa miaka, nikifuta makamasi na kuimba habari za bata ambaye hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumwona. Gredi ya Sita niliipenda. Nasema wazi, niliipenda ile saa ambayo swali la mtoto linaniacha sina jibu, nikienda nyumbani nalitafuta. Nilirudi darasani nimekasirika, nikamgombeza kila mtu, hata tochi.

Wiki ile niliitazama simu hadi ikachoka. Makosa ya simu nilikuwa nayajua, lakini mawingu sikuwa nimeyafikiria mpaka Ijumaa, yalipoanza kujikusanya upande wa Bura. Garissa nzima inaomba mawingu mwaka mzima, na mimi peke yangu nikawa naomba yaondoke. Mama yangu alinisikia.

"Unaifukuza mvua?" akauliza. "Umerogwa?"

Mvua haikunyesha. Sijui kama ni kwa dua yangu, na sitaki mama ajue.

Jumapili jioni anga lilikuwa safi. Mwenyekiti alikuwa ameweka kiti cha plastiki nje ya geti lake, kikielekea mashariki. Baada ya Isha akaja akakikalia, mikono juu ya bakora, akiwa tayari kunipeleka nasari. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na majirani. Mwalimu mkuu naye alikuja, nadhani kunifariji.

Kisha ukingo wa mwezi ukaanza kumegeka. Nilitamani kupiga vigelegele. Mzee alianza kujipapasa kanzu mfuko huu na huu, anatafuta miwani. Kabla hajaipata, kipaza sauti cha msikiti kikaita: "As-salaatu jaamia!" Swala ya kupatwa kwa mwezi. Watu wakainuka kwa pamoja. Mwenyekiti, ambaye safu ya kwanza ni yake tangu msikiti ujengwe, angewezaje kubaki kwenye kiti anatazama juu wakati wenzake wanaswali? Akaenda, bado anajipapasa.

Imamu wetu ni kijana aliyehifadhi Qur'ani yote na alikuwa hajawahi kuiongoza swala hii hata mara moja. Ni swala inayotakiwa iwe ndefu, naye aliamua kuitendea haki. Alianza na Al-Baqara. Hakuna sura ndefu kuliko hiyo. Mwezi ukaliwa, ukatulia, ukaanza kurudi, na imamu bado anasoma.

Mimi siku hizo sikuwa na swala, wanawake wanaelewa, kwa hiyo nilibaki barabarani na watoto wachanga, mbuzi wawili na mwalimu mkuu. Yeye ni Mkristo. Alikikalia kiti cha mwenyekiti akatazama mwanzo hadi mwisho, mdomo wazi. Gredi ya Sita walikuwa safu za nyuma, na kama walichungulia, hilo ni kati yao na Mola wao.

Mzee alitoka ameshika kiuno, miwani imeshapatikana. Akainua uso. Mwezi ulikuwa mzima kama sahani.

"Iko wabi?" akaniuliza.

Asubuhi tulikaa ofisini wanne: mwenyekiti, mwalimu mkuu, mimi, na imamu, ambaye pia ni mwanabodi.

"Mimi naingia msikiti, mwezi nataka kuanza kitu, sina miwani. Natoka, mwezi mzima. Macho yangu hakuona."

Mwalimu mkuu akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi niliona, mzee. Yote."

Mwenyekiti alimtazama bila ubaya wowote. "Wewe mtu mzuri. Lakini mimi nasema macho yangu."

Nilianza kuisikia harufu ya uji wa nasari, na machozi yalikuwa karibu. Ndipo imamu akakohoa.

"Mzee, jana baada ya Isha uliswali nyuma yangu?"

"Naswali. Safu ya kwanza."

"Swala gani?"

Mzee akayapapasa magoti. Kama mwezi haukupatwa, basi alisimama Al-Baqara nzima bila sababu, na magoti yale yasingekubali kudhulumiwa hivyo.

"Ya mwezi," akasema mwishowe.

"Mwezi ulifanya nini?"

Mzee akaitafuta bakora yake.

"Imebatwa."

Akajiinua kwa bakora, akafika mlangoni, akageuka. "Mwalimu, darasa baki nayo. Lakini ile ingine ikija, ambia mimi mabema."

"Nitakuambia, mzee," nikasema. "Safari hiyo utauona kwa macho yako."

"Kuona nini?" Akamnyooshea imamu bakora. "Mimi nataka kuambia huyu asome sura fubi."