Viatu vya Kukimbia na Bastola

Nilianguka mara tatu katika wiki moja, na mara zote tatu nililaumu viatu.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa kampuni moja hapa Kigali. Nilikuwa nimesimama kwenye mageti ya watu kwa miaka kumi na minne: benki, kisha hoteli, kisha ghala la dawa kule Kicukiro. Mwaka ule kampuni ilichagua watu wanne wa kwenda kwenye mashindano ya walinzi, mchezo wa kulenga shabaha huku unakimbia. Saa inalia, unachomoa bastola, unapiga shabaha mbili za karatasi, unakimbia hadi nyuma ya ukuta wa mbao, unapiga goti, unaangusha sahani za chuma, unainuka, unakimbia tena. Mbio peke yake hazikupi ushindi, wala shabaha peke yake. Inabidi uwe na vyote viwili.

Mimi nilikuwa mwanamke pekee kati ya wale wanne. Nikisimama mahali pamoja, hakuna aliyenishinda. Nilikulia Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Shuleni sikuchaguliwa kwenye timu yoyote, na nyumbani, kazi za heshima walipewa kaka zangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja ndipo jina langu liliposomwa kwenye orodha mbele za watu. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana bila hilo nitaonekana mjinga tu.

Mazoezi yalifanyika nje ya mji, kwenye shimo la zamani la kuchimba changarawe. Pande tatu kulikuwa na kuta za udongo mwekundu zinazomeza risasi. Bastola hazikuwa zetu: tulizisaini stoo asubuhi na kuzirudisha mchana zikiwa tupu. Chini pale hapakuwa na sehemu mbili zinazofanana. Hatua kumi za kwanza ni kokoto zinazobiringika, kisha udongo ambao mvua ikiugusa unakuwa sabuni, kisha jukwaa la mbao lenye mchanga juu yake. Kiatu kinachokushika hapa kinakuangusha pale.

Mara ya tatu nilipoanguka, kiongozi wetu wa timu alikuja akanishika mkono kuniinua. Alikuwa amekulia Uganda, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti.

"Dada, hizo buti zitakuua," alisema. "Tafuta kiatu. Bado tuko na wiki tano."

Buti za kazi kweli zilikuwa nzito. Zimetengenezwa kwa mtu wa kusimama, soli ngumu, shingo ndefu inayokataa kukunjika unapopiga goti. Kwa hiyo nilianza kutafuta. Mwenzangu mmoja alinishauri viatu vya mpira wa miguu, vile vyenye meno chini. Niliazima vya mdogo wake wa kike. Kwenye udongo vilishika kama makucha, nikafurahi, lakini nilipopanda mbao nilikuwa kama mbuzi juu ya vigae, na kwenye kokoto meno yale yalibiringika pamoja na mawe. Nikavirudisha siku ile ile.

Halafu nilikwenda sokoni Kicukiro, kwa mama anayeuza caguwa, yaani mitumba, upande wa viatu tu. Nilikwenda alasiri kwa makusudi, kwa sababu mguu huvimba kidogo kufikia saa hizo, na kiatu kinachokutosha asubuhi kitakubana saa tisa. Nilivaa soksi zile zile za mazoezi. Nilikunja kila kiatu kwa mikono miwili kuona kinavunjikia wapi: kikivunjika katikati, si kizuri, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika. Nilibonyeza kisigino. Nilikimbia kwenye njia kati ya meza za wauzaji, nikasimama ghafla, nikapiga goti, nikainuka, nikageuka. Watu walicheka.

"Mama, unaenda vitani?" muuzaji aliniuliza.

"Naenda kushindana."

"Basi chukua hizo za buluu. Mutu anayekimbia mulimani ndiye alivaa."

Alisema kweli. Vilikuwa viatu vya kukimbilia milimani, vyepesi, soli yenye mikato ya pande zote, mpira laini uliokubali mbao na udongo pia. Nilivipenda jinsi mtu anavyopenda kitu kinachomwambia kwamba tatizo lake lina jibu. Nilijifunza kufunga kamba mafundo mawili na kuchomeka ncha zake ndani, zisiguse chini. Siku kumi sikuanguka. Muda wangu ulishuka. Kiongozi alitazama saa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa furaha.

Siku ya kumi na moja nilijikwaa mahali tambarare. Hapakuwa na jiwe wala maji. Sikuanguka, nilipepesuka tu, lakini nilipoangalia kiatu cha kushoto niliona mpira wa mbele umeanza kubanduka, ncha yake imesagika kama imepigwa msasa. Cha kulia kilikuwa kama kipya.

Nikasema, ndiyo mitumba hiyo. Nikavipeleka Nyakabanda kwa fundi viatu niliyemjua tangu zamani, mzee aliyekulia Bujumbura, ambaye kibanda chake kinatosha yeye, cherehani na mteja mmoja aliyesimama. Nilimwomba agundishe ncha na kuongeza mpira mgumu. Aliviweka viatu vyote viwili mezani, akavigeuza, akakaa navyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hii kiatu iko muzima," alisema mwishowe.

"Muzee, si unaona imebanduka?"

"Naona. Kiatu iko muzima. Mama, hebu tembea. Enda mpaka pale kwa mutu wa chapati, urudi."

Nilitembea. Niliporudi nilimkuta amefumba macho. Akaniambia niende tena. Nikaenda, nikarudi nikiwa nimeanza kuudhika.

"Kulia inasema mara moja," alisema. "Ta. Kushoto inasema mara mbili. Ta-pa. Mguu inashuka kabla ya wewe kuiweka. Unaburuza. Tangu lini?"

"Siburuzi."

"Ukiwa na miaka hamsini katika hii kazi, unajua mutu kwa soli yake. Enda hospitali, mama. Mimi nashona ngozi, sishone mishipa."

Nilikasirika. Nilimwambia nimekuja kutengeneza kiatu, sikuja kutabiriwa. Aliigundisha ile ncha, akaikata kidogo kwa chini ikawa ya mviringo, ili hata nikiburuza isishike ardhi. Alinipa viatu kwa mikono miwili.

"Itakusaidia kidogo," alisema. "Kidogo tu."

Nyumbani Rebero nilivua viatu nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilijaribu kuinua vidole vya mguu wa kulia, vikainuka. Nilijaribu vya kushoto. Vilitikisika, vikabaki chini. Nilijaribu mara nyingi, nikiviangalia kama vya mtu mwingine. Halafu nilivaa soksi. Zilibaki siku kumi na mbili kufikia mashindano, na nikajiambia hospitali haitahama.

Katika siku hizo kumi na mbili nilijifunza kudanganya kwa mguu. Niliinua goti la kushoto juu zaidi ili ncha ipite. Nilipunguza hatua nilipokaribia mbao. Usiku wenzangu wanapumzika, mimi natembea sebuleni nikihesabu ta, ta, ta, na nikisikia pa naanza upya. Kiongozi aliona kitu.

"Dada, uko sawa?"

"Niko sawa, afande."

"Mguu?"

"Kiatu kipya tu. Bado tunazoeana."

Aliniamini. Alikuwa hana sababu ya kutoniamini.

Siku ya mashindano mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lakini kulipokucha jua lilitoka na ukungu ukapanda kutoka mabondeni. Timu zilikuwa nyingi, nyingine zilivuka mipaka kuja. Nilitazama miguu yao: buti za jeshi, raba, viatu kama vyangu. Wanawake wawili kutoka Uganda walikuja kuniuliza nimevipata wapi, nikawaeleza habari ya kukunja soli na kwenda sokoni alasiri, nikajiona mtu mwenye elimu. Mzunguko wa kwanza nilikwenda vizuri. Wa pili, vizuri zaidi. Kwenye ubao jina langu lilikuwa la tatu.

Mzunguko wa tatu unaanzia kulia na kuishia kushoto. Mwamuzi mwenye saa anakimbia nyuma yako, hatua mbili tatu, upande wa mkono wako wa kulia. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa miwani na kofia nyekundu. Aliniuliza kama niko tayari, nikaitikia kwa kichwa. Saa ikalia. Karatasi mbili, risasi nne. Nikageuka kukimbia, na ile ncha iliyokatwa mviringo kwa upendo ikashika kitu ambacho mpaka leo sikijui, labda ilikuwa ardhi tu.

Nilianguka nikizunguka. Kanuni ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba mdomo wa bastola usigeuke nyuma kamwe, hata ukianguka, hata ukifa. Nilipofungua macho nilikuwa chali, mkono umenyooka, na mwisho wa mkono, juu ya bastola yenye risasi, niliona kofia nyekundu.

Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio. Namshukuru Mungu kwa hilo na sitamwomba zaidi.

"Acha!" mwamuzi alipaza sauti. "Usisogee! Usisogee!"

Alikuja kwa upande, akakanyaga udongo karibu na kiwiko changu, akaichukua bastola mkononi mwangu taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Alitoa magazini, akatoa risasi iliyobaki ndani ya mtutu, ikaanguka kwenye matope. Nilitolewa mashindanoni pale pale, na timu ikapoteza alama zangu zote, ikawa ya mwisho.

Kiongozi alinikuta nyuma ya gari, nimekaa chini. Alichuchumaa mbele yangu, akashika kiatu cha kushoto, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mikato ya soli.

"Kiatu ni kizuri," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

Ningeweza kusema sikujua. Nadhani angekubali, na tungebaki marafiki.

"Nilijua, afande."

Akakiachia kiatu. "Yule mwamuzi ana watoto wawili. Jana alinionyesha picha," alisema. Akasimama, akaenda kuwasaidia wenzake kupakia. Kwenye gari hakuna aliyenisema vibaya. Walizungumza habari za mvua. Tangu siku hiyo kiongozi ananisalimia vizuri akiniona, hajawahi kuacha kunisalimia, lakini hajaniita dada tena.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Aligonga magoti yangu kwa kinyundo, akanichoma nyayo kwa kijiti, akaniambia nitembee kwa visigino. Kwa kulia niliweza. Kwa kushoto mguu ulilala. Vipimo vilichukua wiki kadhaa, kila kimoja kikiondoa ugonjwa mmoja wenye dawa. Hatimaye aliniketisha, akavuta kiti chake akaja upande wangu wa meza, nikajua.

Alisema mishipa inayoamrisha misuli inakufa. Ugonjwa huanzia popote mwilini, kisha unaenea. Nilimwuliza kama ningewahi mapema, siku ile fundi aliponiambia, ingesaidia.

"Hapana," alisema. "Isingebadilisha kitu."

Alidhani ananifariji. Nilitoka pale nikifikiri juu ya kofia nyekundu, ambayo nisingekuwa nimeielekezea bastola.

Kampuni ilinihamishia ofisini, kuandika majina ya wageni, na walinifanyia wema, siwezi kusema vingine. Nilipewa kifaa cha plastiki cha kushikilia mguu, kinachokaa ndani ya kiatu, hivyo sasa nanunua pea mbili zinazofanana, moja kubwa zaidi kwa ajili ya mguu wa kushoto, na kiatu kimoja kimoja kinachobaki nampa muuzaji wa sokoni arudishe kwenye rundo. Viatu vya kamba nimeviacha. Nachagua vya kubandika, vyenye mdomo mpana, soli nyembamba isiyoshika zulia. Bado nakwenda alasiri. Sikimbii tena kati ya meza, na hakuna anayecheka.

Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari. Hakuangalia mguu. Alininyooshea vidole vyake viwili, akasema nivibane kwa nguvu zangu zote, kwanza kwa kushoto, kisha kwa kulia, mkono niliokuwa nikipigia risasi. Nilibana mpaka jasho likanitoka. Aliandika kwa muda. Kisha akaniambia safari ijayo nije na mtu wa nyumbani.

Nje nilisimamisha pikipiki ya kunirudisha Rebero. Dereva alinipa kofia ngumu ya abiria, nikaivaa, nikatafuta kishikizo chini ya kidevu. Nilikipata. Kubana ndiko kulikonishinda. Nilijaribu kwa mkono mmoja, kwa miwili, na gari la nyuma likapiga honi. Dereva akazima injini, akageuka.

"Mama, inua kichwa," alisema.

Nikainua kichwa, nikatazama juu, naye akanifungia.