Magunia Manane Ndani ya Ngama

Kwetu Mwazye, juu kwenye uwanda wa Ufipa, maji makubwa niliyoyajua utotoni ni ya mto tuliouvuka kwa magogo mawili. Bahari niliijua vitabuni. Shule ya sekondari, ambako niliishia darasa la kumi, ilikuwa na kabati la hadithi za mabaharia waliovunjikiwa vyombo, nami nilizimaliza zote. Nilijua kwa Kiingereza majina ya sehemu za merikebu ambazo sikuwahi hata kuzigusa.

Enzi hizo za Mwingereza nilipata kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga, mwenye duka na lori. Siku moja aliniambia nishuke na maharage hadi Kasanga, kisha niyasindikize kwa mashua mpaka Mpulungu, upande wa Rhodesia. Mzigo wangu niliufunga siku mbili kabla ya safari.

Lori lilipita Matai, likaanza kuteremka, na joto likatupanda kadiri tulivyoshuka. Tulipofika ufukweni nilichovya kidole ziwani nikakiramba. Nilijua maji yale hayana chumvi, lakini nilitaka kujua kwa ulimi.

Nahodha alikuwa mzee mfupi wa palepale Kasanga, na mashua yake aliirithi kwa baba yake. Baharia wake alikuwa mmoja tu, kijana wa rika langu. Kijana huyo alikuwa amemposa binti wa nahodha na posa imekubaliwa. Ndoa ilikuwa ifungwe wakirudi safari hii, na wapagazi wa ufukweni hawakumwacha apumue.

"Usizame kabla ya harusi, bwana harusi!"

"Nikizama utamwoa wewe? Na hayo meno?"

Mimi nilikuwa naulizauliza kila kitu. Katikati ya mashua niliona wameacha uwazi kati ya magunia, mtu anaweza kusimama ndani yake. Nikauliza ni wa nini.

"Ngama hiyo," baharia alisema. "Maji yanayoingia yanakimbilia hapo, nami nayakumba kwa upo huu." Akanionyesha chombo cha mti chenye mkono.

"Na kama hayaingii?"

Nahodha alidakia, "Karani, mashua isiyoingiza maji ni ile iliyo juu ya mchanga."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini jibu lile halikuniingia. Nililelewa kwenye nyumba ya wakulima. Kwetu kihenge cha nafaka hushindiliwa mpaka hapabaki nafasi ya panya kupita, na mtu anayeacha uwazi ni mvivu. Isitoshe, lori lilileta magunia manane zaidi ya tuliyopatana, nayo yalikuwa yamelala mchangani yakinitazama.

Alfajiri nahodha na baharia walikwenda kuswali. Niliwaita wapagazi wawili, watu wa uwandani kama mimi, tukayashindilia magunia yote manane ndani ya ngama na kuyafunika turubai. Yalikaa vizuri mno. Nilisimama nikayasifu.

Baharia ndiye aliyerudi kwanza. Aliinua turubai.

"Karani! Hii nini?"

"Nafasi ilikuwa tupu."

"Toa."

"Tukianza kupakua, upepo utatukuta hapa. Si ulisema mwenyewe upepo wa kusini huanza jua likipanda? Tutachelewa kwenda na tutachelewa kurudi."

Alitazama njia ya kutoka msikitini, akalitazama ziwa. Nilijua anawaza nini, maana nililitaja neno kurudi kwa makusudi.

"Nahodha akiuliza," nikamwambia, "nitasema ni mimi niliyeweka."

Akaliachia turubai.

Tulitweka tanga, tukafuata pwani ya majabali kuelekea kusini. Upepo ulitukuta kabla ya saa nne, tena wa mbele. Mawimbi yakaanza kutupa maji ndani, na baharia akachukua upo wake. Hakuwa na pa kusimama wala pa kuchota. Alichota juujuu, pembeni mwa magunia, vikombe viwili vitatu kwa mara moja. Nahodha alikuwa nyuma kwenye usukani, tanga likimziba asituone, akapiga kelele, "Kumba!" Kijana akajibu, "Nakumba!"

Alasiri upepo ulipungua, lakini mashua ilikuwa nzito na haigeuki. Hapo nilifanya jambo ambalo hata leo silielewi vizuri. Nilichana gunia moja la chini ili nione. Maharage niliyoyapima Sumbawanga yakiwa magumu kama kokoto yalikuwa yamenenepa, maganda yakiwa yamenyooka na kung'aa. Nilichukua moja nikalibonyeza. Mama yangu aliyaloweka kila asubuhi kwa ajili ya jioni, na chungu kilichojaa nusu kilijaa tele. Nilikuwa najua tangu nikiwa mtoto. Nilitazama gunia lililobanwa kwa gunia, na gunia la mwisho lililobanwa kwa ubao, nikasikia ubao unalia.

Ubao ulifunguka taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Nahodha alikuja mbele, akaona. Alikata kamba za madebe matupu ya mafuta ya taa, akanifunga mawili chini ya makwapa, akanisukuma majini. Mimi sijui kuogelea. Baharia aliishika kola ya shati langu na kunivuta mpaka kwenye mwamba, huku akiniambia, "Usinikabe, karani. Vuta pumzi. Usinikabe." Vitabu vyangu vyote havikuwahi kusema kwamba anayeokolewa hutaka kumpanda anayemwokoa kama ngazi.

Tulikaa watatu juu ya jabali, tukitazama mlingoti ukizama. Jua lilikuwa bado lipo. Nahodha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alijaza ngama?"

Baharia alinitazama mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma kuliko wote wawili, na niliogopa. Sikumwogopa tajiri wangu. Niliogopa uso wa yule mzee. Nikainamisha kichwa, nikakamua shati langu.

"Ngama ni kazi ya nani?" nahodha akamwuliza kijana.

"Ni yangu," akasema.

Asubuhi tulipanda majabali kwa mikono, tukafika kijiji kimoja, na kabla ya kurudi Kasanga nahodha alikuwa ameivunja posa.

Ilinichukua miaka miwili kushuka tena. Nilimkuta nahodha akishona nyavu za watu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, hata ile ahadi niliyompa kijana. Alishona mpaka nikamaliza.

"Magunia mangapi?"

"Manane."

Alitikisa kichwa polepole, kisha akamwita binti yake, aliyekuwa amekuja kumsalimu, mtoto mgongoni. Alikuwa ameolewa na mtu mwingine. "Rudia," nahodha aliniambia. "Mwambie na huyu."

Nilirudia. Alisikiliza amesimama.

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Sijui aliko."

"Wanasema yuko Kigoma." Akamweka mtoto vizuri. "Sasa habari hii niifanye nini, kaka?"

Alingoja, na nikaona kwamba alikuwa ameniuliza kweli, anataka kujua. Kisha akauliza lingine.

"Pale juu ya jabali, baba alipouliza, yeye alitazama wapi?"

"Alinitazama mimi."

"Kwa muda mrefu?"

"Ndiyo. Muda mrefu."

"Kisha akasema ni kazi yake."

"Ndiyo."

Akaniomba nirudie tena kuanzia pale kwenye jabali, polepole, nisiruke kitu. Nilimsimulia mara tatu jioni ile, na kila mara aliuliza jambo jipya.